Lugha Iliyotoka Jikoni

Je, msomaji, umepata kujiuliza ni lugha gani uitumiayo unaposema na nafsi yako? Mtu aweza kujua lugha tatu au nne: moja ya nyumbani, moja ya sokoni, moja ya shuleni na moja ya ofisini. Lakini apatwapo na msiba wa ghafula, au furaha isiyo kifani, ulimi wake hukimbilia lugha moja tu, bila ya kungoja amri. Lugha hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wake. Walakini historia yatuonyesha jambo la ajabu. Mara nyingi lugha hiyo ndiyo ambayo wenyewe huionea haya. Huisema, lakini hawaiandiki. Hulia kwayo, lakini hawaitakii heshima. Hebu tutazame habari za watu wachache wa visiwa vidogo, waliokaa katika haya ya namna hiyo kwa karne nyingi, kisha wakaishinda. Watu hao ni Wamalta.

Visiwa vya Malta vimo katika Bahari ya Kati, baina ya Sicily na pwani ya Afrika ya Kaskazini. Eneo lake lote ni kilometa za mraba 316 tu. Unguja peke yake ni kubwa kuliko visiwa hivyo vyote kama mara tano. Ardhi yake ni ya mawe, mito haina, na hata leo idadi ya watu wake ni kama nusu milioni hivi. Lakini Malta ina bandari nzuri sana, na mwenye bandari nzuri hakosi wageni. Wafoinike walifika, Warumi wakafika, kisha mwaka 870 wakaja Waarabu waliokuwa wakitawala upande wa Tunisi. Mwaka 1091 alikuja Kabaila Roger, Mnormani aliyetawala Sicily, na kuanzia hapo visiwa vikafungamanishwa na Ulaya. Mwaka 1530 Malta ilikabidhiwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, nao ni askari watawa waliotoka katika koo kubwa za Ulaya. Mwaka 1798 Napoleon aliwatoa Mashujaa hao, na mwaka 1800 Wafaransa nao wakatolewa. Waingereza wakakaa mpaka tarehe 21 Septemba 1964, siku Malta ilipopata uhuru, miezi tisa tu baada ya Kenya kupata uhuru wake.

Basi kila mgeni alikuja na lugha yake, akaondoka nayo au akaiacha. Waarabu walikwisha kuondoka tangu zamani, na dini ya Kikristo ikaenea visiwani kote, lakini lugha yao ilibaki vinywani mwa watu. Ilikatwa na asili yake, ikakua peke yake kama mche uliopandikizwa katika shamba la mbali, na baadaye ikapokea maneno mengi mno kutoka Kisicilia na Kiitaliano. Lugha hiyo ndiyo Kimalta. Wamalta ni Wakristo Wakatoliki, na hata hivyo Mungu humwita Alla, na mfungo wao wa Kwaresima huuita Randan, neno lenye asili moja na Ramadhani.

Wewe usemaye Kiswahili hutaona Kimalta kuwa kigeni kabisa. Kitabu kwao ni ktieb, bahari ni baħar, na dunia ni dinja, ambapo herufi j husomwa kama y yetu. Sita ni sitta, ishirini ni għoxrin, hamsini ni ħamsin, mia ni mija na elfu ni elf. Walakini usidanganyike kwa kufanana huko. Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa maneno kwa Waarabu. Mifupa yake ni ya Kiafrika na baadhi ya mavazi yake ndiyo ya kuazima. Kimalta ni kinyume chake: mifupa yake ni ya Kiarabu, na mavazi mengi ni ya Kiitaliano. Lugha hizi mbili ni kama wapita njia waliokutana kisimani, wakanywa maji mamoja, lakini mmoja alitoka kusini na wa pili alitoka kaskazini.

Sasa tuulize: lugha iliyosemwa na kila mtu, kuanzia mkulima hata mvuvi, ilikosaje kuandikwa kwa muda mrefu namna hiyo? Sababu yake ni kwamba kalamu ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa na lugha nyingine. Kanisa liliandika Kilatini. Mahakama na waandishi wa mikataba waliandika Kilatini na Kisicilia, na baadaye Kiitaliano. Mtoto wa mwenye mali alipopelekwa kusoma, alifundishwa kwamba elimu na Kiitaliano ni kitu kimoja. Kimalta kikabaki kuwa cha kuagizia mboga, kumkemea punda na kumbembeleza mtoto. Wenye kujiona wastaarabu walikibeza wakakiita lugha ya jikoni. Jambo la kusikitisha ni kwamba wao wenyewe walikuwa wamelelewa katika jiko hilo, na maneno ya kwanza waliyoyasikia duniani yalikuwa ya Kimalta.

Hata hivyo moyo wa mtu haukubali kufungiwa mlango daima. Katika karne ya 15 aliishi Malta mtu msomi aitwaye Pietru Caxaro, aliyefariki mwaka 1485. Alikuwa mtu wa mahakama na wa mambo ya serikali, mwenye kujua lugha za wakubwa. Lakini alipotaka kusema huzuni yake aliacha lugha hizo zote, akatunga shairi kwa Kimalta. Ni shairi fupi la mistari 20. Ndani yake mtu anasimulia taabu zake kwa mfano wa nyumba iliyoporomoka: waashi walichimba wakitumaini kufikia mwamba, wakakuta udongo laini, na jengo likaanguka. Shairi hili huitwa Il-Kantilena, nalo ndilo andiko la kale zaidi la Kimalta lijulikanalo mpaka sasa.

Yafaa ujue jinsi shairi hilo lilivyosalia. Jamaa wa Caxaro aitwaye Brandano alikuwa mwandishi wa mikataba. Katika daftari lake la miaka ya 1533 hadi 1563, pamoja na hati za kuuziana mashamba na habari za mahari na deni, alinakili mistari ile ya mzee wao ili isipotee. Kisha daftari likafungwa, likawekwa rafuni, na karne nne zikapita. Mwaka 1966 watafiti wawili, Godfrey Wettinger na Mikiel Fsadni, walikuwa wakipekua hati za kale wakaliona shairi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Malta kupata uhuru wake. Tafakari jambo hilo. Taifa jipya lilikuwa likijiuliza kama lugha yake yafaa kwa mambo makubwa, na kumbe jawabu lilikuwa limelala katika daftari la mikataba kwa miaka 400, limeandikwa na mtu mmoja aliyependa kuhifadhi sauti ya ukoo wake.

Baada ya Caxaro walitokea wengine mmoja mmoja, kwa nafasi za mbali. Mwaka 1750 kasisi wa kisiwa cha Gozo, Agius de Soldanis, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kimalta. Lakini aliyeifanya kazi ya lugha kuwa kazi ya maisha yake yote ni Mikiel Anton Vassalli, aliyezaliwa katika mji wa Żebbuġ mwaka 1764. Mwaka 1796 alitoa mjini Roma kamusi aliyoiita Ktyb yl klym Malti. Itazame anwani hiyo kwa jicho la Kiswahili: ktyb ni kitabu, na klym ni maneno, neno lenye asili moja na kalima. Vassalli alibuni herufi mpya kwa sauti ambazo alfabeti ya Kilatini haikuwa nazo. Katika utangulizi aliwaandikia Wamalta wote kama taifa, akawaeleza kwamba watoto wao yafaa wafundishwe kwa lugha yao, na kwamba hawataelimika wote maadamu elimu imefungwa kwa ufunguo wa lugha ya kigeni.

Fikira kama hizo hazikuwafurahisha watawala. Mwaka 1797 Vassalli alikamatwa kwa kushiriki katika njama ya kuwapinga Mashujaa, akafungwa. Waingereza waliposhika nchi walimwona kuwa rafiki wa Wafaransa, wakamhamisha mwaka 1801. Alikaa ugenini karibu miaka 20, akarudi mwaka 1820 akiwa mzee na maskini. Mwaka 1825 aliteuliwa kuwa mwalimu wa kwanza wa Kimalta katika Chuo Kikuu cha Malta, na hakukifaidi cheo hicho ila kwa miaka michache, kwa kuwa alifariki mwaka 1829. Kanisa la nchi yake halikumpa kaburi katika makaburi yake, akazikwa katika makaburi ya Waprotestanti. Leo Wamalta humwita baba wa lugha yao. Ndivyo ulivyo ulimwengu, msomaji: mara nyingi mwenye kupanda mti si yeye aketiye kivulini.

Katika karne ya 19 kulizuka Malta ugomvi mkubwa ulioitwa Suala la Lugha. Waingereza walitaka Kiingereza kienee shuleni na ofisini. Wasomi wengi wa Malta, hasa mawakili na makasisi, walishikilia Kiitaliano, wakisema ndicho lugha ya ustaarabu wao. Wanasiasa walibishana, magazeti yakatukanana, na vyama vikagawanyika kwa ajili ya jambo hilo. Lakini katika zogo lote hilo ni wachache waliomkumbuka mtu wa kawaida, ambaye hakujua Kiingereza wala Kiitaliano. Mtu huyo alipofikishwa mahakamani, kesi yake iliendeshwa kwa Kiitaliano. Mwendesha mashtaka alisema, wakili akajibu, hakimu akaandika, na mshtakiwa akasimama kizimbani akiwatazama midomo. Huenda maisha yake yalikuwa yakiamuliwa pale, naye asifahamu neno. Ukitaka kujua hasara ya watu kunyimwa lugha yao, usiende mbali. Msimamie mtu huyo upande wake kidogo.

Wakati wakubwa walipokuwa wakibishana, watu wachache walianza kufanya kazi kimyakimya. Mwezi wa Novemba 1920 waandishi kadha wa kadha walikutana wakaunda chama chao, Għaqda tal-Kittieba tal-Malti, yaani Chama cha Waandishi wa Kimalta. Mpaka wakati huo kila mwandishi alikuwa na tahajia yake. Mmoja aliandika neno hivi, wa pili vile, na msomaji akapotea kama mgeni katika mji usio na majina ya njia. Chama kilitoa alfabeti mwaka 1921, na mwaka 1924 kikatoa kitabu cha kanuni za maandishi na sarufi. Herufi zikawa 30, baadhi zikiwa na alama zake maalumu: ċ, ġ, għ, ħ na ż. Usizidharau alama hizo ndogo. Kwa Wamalta hu, kwa h isiyo na mkato, maana yake ni yeye. Lakini ħu, yenye mkato, maana yake ni chukua. Kijistari kimoja hubadili jambo zima. Sisi pia twalijua jambo la namna hiyo, maana Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuingia herufi za Kirumi, na kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa na shida yake katika kupatanisha tahajia.

Lakini alfabeti ni chombo tu. Jembe halilimi mpaka apatikane mkulima, na mkulima wa Kimalta alikuwa kasisi aitwaye Carmelo Psaila, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dun Karm. Alizaliwa mwaka 1871 katika Żebbuġ, mji ule ule wa Vassalli. Kwa miaka mingi alitunga mashairi kwa Kiitaliano, na watu wakamsifu. Mwaka 1912 rafiki zake walianzisha gazeti la Kimalta, wakaliita Il-Ħabib, yaani Rafiki, wakamwomba awape shairi. Dun Karm alikuwa na miaka kama 40, umri ambao mtu mwenye sifa hupenda kutulia na sifa zake. Akakubali kuanza upya. Tangu hapo alizidi kuzama katika Kimalta, akagundua kwamba lugha ya mama yake ilikuwa ikimngoja na maneno ambayo Kiitaliano hakikuwa nayo: maneno ya mkate na shamba, ya chumba kitupu baada ya kifo cha mzazi, na ya imani ya watu wadogo. Mwaka 1938 alitoa shairi refu liitwalo Il-Jien u lil hinn minnu, yaani Nafsi na yaliyo mbele yake, linaloyatafuta maana maisha, mauti na Mungu. Lugha ya jikoni ilikuwa sasa ikiuliza maswali ya wanafalsafa. Aidha, maneno ya wimbo wa taifa wa Malta ni yake Dun Karm. Nawe ufurahi kujua kwamba wimbo huo ulitungwa kwanza kwa ajili ya watoto wa shule.

Wazee wetu husema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika Malta ilitokea kinyume. Kiingereza na Kiitaliano vilipigana, na nyasi zikapata nafasi ya kukua. Serikali ya Uingereza iliogopa nguvu za Mussolini, ikataka kuupunguza uwezo wa Kiitaliano. Kwa hiyo mwaka 1934 Kimalta kilifanywa lugha rasmi, kikaingia mahakamani, na alfabeti ile ya waandishi ikakubaliwa na serikali. Mwaka 1936 Kiitaliano kikaondolewa katika cheo chake. Mwaka 1940 ndege za Italia zilipoanza kuiangushia Malta mabomu, mapenzi ya wengi kwa Kiitaliano yalipoa. Tusijidanganye basi kwamba Kimalta kilipewa kiti kwa ajili ya haki tupu. Siasa ilikuwa na sehemu yake. Lakini fursa humfaa aliyejitayarisha. Kama waandishi wasingalikuwa wamekwisha kupatana juu ya tahajia miaka 10 kabla yake, mlango ungalifunguliwa na kukosekana wa kuingia.

Baada ya uhuru, Kimalta kikawa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Profesa Ġużè Aquilina alitunga kamusi kubwa ya Kimalta na Kiingereza, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 1987 na 1990. Mwaka 2004 Malta ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, lugha ya nusu milioni ya watu iliketi meza moja na Kifaransa na Kijerumani, ikiwa ndiyo lugha pekee ya Kisemiti iliyo rasmi katika umoja huo. Watafsiri walikuwa wachache hata ikalazimu kuongezewa miaka mitatu ya kujitayarisha kabla sheria zote hazijaanza kutolewa kwa Kimalta. Heshima nayo ina kazi yake!

Je, hadithi imekwisha hapo? La. Kila zama huja na kizimba chake. Zilipokuja kompyuta, zilikuja na vibonye vilivyotengenezwa kwa Kiingereza. Herufi ċ, ġ, ħ na ż hazikuonekana. Watu waliotaka kuandikiana kwa Kimalta waliziacha alama, wakaandika c, g, h na z tupu, na mara nyingine wakaona ni rahisi zaidi kuandika Kiingereza. Angalia basi: kilichoshindwa kufanywa na Mashujaa na mawakili kilikaribia kufanywa na kibonye. Baadaye mitambo ilipatiwa utaratibu wa kutambua herufi za lugha nyingi za dunia, na Wamalta wakaweza kujiandika katika intaneti kwa herufi zao kamili: huyu kumbukumbu za kijiji chake, yule mashairi yake, wa tatu maoni juu ya mambo ya nchi. Mjukuu wa mhamiaji aliye Australia aweza kuyasoma siku hiyo hiyo. Zamani Caxaro alihitaji jamaa mwenye daftari ili sauti yake isipotee. Leo kila mtu ni Caxaro na Brandano wake mwenyewe. Hata hivyo hatari haijaondoka. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walipopima hali ya lugha za bara lao katika mambo ya kompyuta, walikiweka Kimalta miongoni mwa zile zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kuachwa nyuma.

Kutokana na habari hizi twaweza kuona neno moja. Kimalta hakikuokolewa na majeshi, wala na wingi wa watu, wala na utajiri. Kiliokolewa na watu mmoja mmoja, kila mmoja kwa zamu yake, waliokubali kusema mambo ya nafsi zao kwa lugha ambayo wenzao waliionea haya. Mmoja aliandika huzuni yake. Wa pili aliinakili katika daftari la mikataba. Wa tatu aliandika kamusi akalipwa kifungo na uhamisho. Wa nne aliacha sifa alizokwisha kuzipata akaanza upya. Sheria zilikuja nyuma yao, kama mkokoteni ujavyo nyuma ya ng'ombe.

Wewe kijana wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukipa Kiswahili cheo cha lugha ya taifa na lugha rasmi, na imeiagiza serikali kuzilinda na kuzikuza lugha za jamii zetu. Hiyo ni neema kubwa, lakini katiba haiandiki barua, haitungi shairi, wala haiweki kumbukumbu za babu yako. Hayo yamebaki kwako. Jifunze Kiingereza kwa bidii, na lugha nyingine kadiri uwezavyo, maana lugha nyingi ni mali. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Leo usiku, kabla ya kulala, chukua kalamu uandike ukurasa mmoja wa mambo yako ya kweli kwa lugha uliyoisikia kwanza duniani. Huenda neno moja likakushinda. Basi kesho muulize bibi yako, naye atakupa neno hilo na mengine kumi juu yake.